Asubuhi Moja Uffizi: Iulize Kila Picha Ilikuwa Ikikaa Wapi

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja ya Tanga. Mwezi ujao nitakuwa Firenze, Italia, kwa semina. Jumatatu nitakuwa huru siku nzima, na Jumanne nina asubuhi tu, kwani treni yangu ya Roma inaondoka saa nane mchana. Kila mtu ananiambia nisikose makumbusho ya Uffizi. Sijawahi kusoma sanaa, mimi ni Mwislamu, na nasikia mle mna picha za kanisani na za watu walio uchi. Nitaelewa nini? Na niwaletee nini wanafunzi wangu?

Jibu: Wa alaykum salaam, Mwalimu. Kwanza nikuepushe na hasara: Jumatatu Uffizi hufungwa. Nimeshawaona watu wengi wamesimama mbele ya mlango ule na mabegi yao, wametoka mbali, na siku yao ya pekee ni hiyo. Wewe unayo Jumanne, na inatosha. Mlango unafunguliwa saa mbili na robo asubuhi. Nunua tiketi ya saa hiyohiyo kutoka sasa, kwenye tovuti rasmi ya makumbusho yenyewe, uffizi.it. Wachuuzi wa mtandaoni wanauza tiketi hizohizo kwa bei ya juu. Tiketi ya kawaida imekuwa euro 25, na euro 4 za kuweka nafasi. Hakikisha bei kabla ya kulipa. Ukienda bila nafasi, foleni inaweza kuila asubuhi yako yote.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe. Unauliza utaelewa nini na hukusoma sanaa. Nimekuwa nikiwatembeza watu katika vyumba vile kwa miaka mingi, na wanaotoka mikono mitupu mara nyingi ni wale waliotaka kuona kila kitu, wawe wamesoma au hawakusoma. Nakushauri uchague picha nane au tisa, na kila moja uiulize maswali matatu ambayo mwalimu wa historia anayajua vizuri: ulikuwa ukikaa wapi, nani alikulipia, na ulikuwa na kazi gani?

Maana Uffizi si nyumbani kwa picha zile. Jina lenyewe maana yake ni "ofisi". Mwaka 1560 Cosimo I wa ukoo wa Medici, mtawala wa Firenze, alimwagiza Giorgio Vasari ajenge jumba la kukusanyia idara za serikali mahali pamoja. Mwanawe, Francesco, ndiye aliyeigeuza ghorofa ya juu kuwa mahali pa kuweka sanamu na vitu vya thamani vya ukoo. Ukoo ulipokuwa unakatika, mwaka 1737, binti wa mwisho, Anna Maria Luisa, alitia saini mkataba kwamba mali yote ya sanaa ibaki Firenze na isitoke kamwe, kwa pambo la dola, kwa faida ya umma na kwa kuwavuta wageni. Hao wageni ni pamoja na wewe, Mwalimu. Alikuandikia nafasi miaka karibu 290 iliyopita. Watu wote waliruhusiwa kuingia kuanzia 1769. Hakuna hata moja kati ya picha nitakazokutajia iliyochorwa ili itundikwe mle. Kila moja ilihamishwa kutoka mahali pake.

Ndiyo maana Jumatatu yako haijapotea. Itumie kutembelea nyumba zilikotoka picha utakazoziona Jumanne. Anza asubuhi mapema na kanisa la Santa Maria Novella, lililo mbele ya stesheni. Kuingia ni kwa tiketi. Tazama urefu wa kuta na jinsi mwanga unavyoingia kwa uchache. Humo ndimo ilimokaa picha kubwa ya mchoraji Duccio. Kutoka hapo nenda kwa miguu hadi Ognissanti, karibu na mto Arno. Madhabahu mojawapo ya kanisa hilo ilikuwa na picha ya Maria ya mchoraji Giotto, na mchoraji Botticelli mwenyewe amezikwa humo tangu 1510. Kisha nenda kanisa la Santa Trinita, walikotoka Maria wa mchoraji Cimabue na Mamajusi wa mchoraji Gentile da Fabriano. Mamajusi ni wale wafalme ambao Wakristo husimulia kwamba walimzuru mtoto wa Maria na zawadi. Beba sarafu, kwa sababu kwenye makanisa mengi taa za kumulika picha huwashwa kwa sarafu, na zikizimika utaona kwa macho yako giza ambalo dhahabu ya picha hizo ilitengenezwa kupambana nalo. Makanisa hufungwa mchana, hivyo usichelewe. Vazi lako la kawaida na mtandio wako havina tatizo popote. Wanaosimamishwa mlangoni ni walioacha mabega na magoti wazi.

Jumanne sasa. Ngazi ni nyingi, maana unaanzia ghorofa ya juu. Lifti ipo kwa asiyeweza kupanda. Watu wengi watakushauri ukimbilie Botticelli kabla makundi hayajafika. Mimi siafiki. Makundi yote yamepewa ushauri huohuo, yanapita mbio kwenye chumba cha mwanzo, na chumba hicho ndicho ufunguo wa jumba zima. Kwa dakika kumi za asubuhi unaweza kuwa peke yako nacho.

Chumbani humo kuna picha tatu kubwa za Maria akiwa kwenye kiti cha enzi na mwanawe mapajani. Ya Duccio, ya 1285, ina urefu wa mita nne na nusu. Ya Cimabue ni ya miaka ileile au baadaye kidogo. Ya Giotto ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1300. Mada ni moja, ubao na dhahabu ni vilevile, na zimepishana kwa takriban kizazi kimoja tu. Simama katikati utazame malaika. Kwa Duccio wamepiga magoti hewani, mmoja juu ya mwingine, kama waliobandikwa. Kwa Cimabue wamepangwa kando ya kiti kama ngazi. Njoo kwa Giotto: waliosimama nyuma wanafichwa na kiti, huwaoni wazima, kwa sababu wako *nyuma* kweli. Tazama magoti ya Maria. Chini ya lile vazi la buluu iliyokoza kuna magoti, kuna mapaja yanayobeba uzito wa mtoto. Ni mwanamke aliyeketi. Mambo yote utakayoyaona asubuhi hiyo, hadi Michelangelo, yanatoka kwenye magoti hayo.

Kabla hujatoka, sogea karibu, ukichunga kamba ya ulinzi, utazame nyuso. Utaona ukijanikijani kwenye mashavu. Wachoraji wa wakati ule walisaga rangi na kuichanganya na kiini cha yai, na ngozi ya mtu walianza kuipaka kijani, kisha waridi juu yake ili ipate uhai. Karne zimelila tabaka la juu, na kijani kinachungulia. Kwenye dhahabu nako, palipochubuka utaona wekundu. Huo ni udongo laini mwekundu uliopakwa ubaoni kwanza ili karatasi nyembamba za dhahabu zishike na zing'ae kwa joto.

Sasa nikupeleke penye picha ninayoipenda kuliko zote mle ndani, na ambayo nadhani wewe utaielewa kuliko watalii wengi. Ni Mamajusi wa Gentile da Fabriano, ya mwaka 1423. Aliyelipa ni Palla Strozzi, tajiri mkubwa wa Firenze, kwa ajili ya kanisa la ukoo wake Santa Trinita, pale ulipokuwa jana yake. Ina mita tatu kwa karibu tatu, na imejaa kama soko: farasi, nyani, chui, wawindaji, watumishi. Katikati amesimama mfalme kijana, na mtumishi ameinama miguuni pake akimvua vichokoo vya kupandia farasi. Vichokoo hivyo havikuchorwa. Vimefinyangwa juu ya ubao na kupakwa dhahabu, vinatokeza kama kito kwenye kidani.

Halafu tazama kichwani kwa Maria. Lile duara la nuru limechongwa herufi kulizunguka, na herufi hizo zinafanana na Kiarabu. Niliwahi kumtembeza mzee mmoja wa Lamu aliyekuja kumtembelea mwanawe. Alisimama hapo, midomo ikaanza kwenda, kidole kikifuata mzunguko hewani, akitafuta pa kuanzia. Alirudia mara tatu. Kisha akaniambia taratibu, "Hayasomeki, lakini aliyeandika ameyaona maandishi yetu." Wataalamu wameandika kurasa nyingi kusema hivyohivyo. Herufi zile si lugha, ni mapambo yanayoiga maandishi ya vyombo vya shaba vya Misri na Sham, masinia yaliyokuwa yakiingia Italia kwa biashara. Ukishaliona sinia la shaba kwenye nyumba ya mjini kwetu, lenye maandishi yanayozunguka ukingo, utajua duara lile limetoka wapi. Mchoraji wa Italia alitaka kichwa cha Maria kipate heshima kuu, akaazima heshima hiyo kutoka upande wa pili wa bahari. Buluu nayo imesafiri. Ile iliyo bora ilisagwa kutokana na jiwe linalochimbwa Badakhshan, Afghanistan, na Waitaliano waliiita *oltremare*, yaani ya ng'ambo.

Na hapa nijibu lile la dini, kwa sababu nalichukulia kwa uzito. Visa vingi vya mle ndani unavijua. Ukifika kwa Leonardo da Vinci, kuna picha yake ya ujanani, ya miaka ya 1470, ya malaika akimletea Maria habari ya kupata mtoto. Ni Jibrili na Maryamu, kisa unachokisoma katika sura yenye jina lake. Kwetu hatuwachori, na huna haja ya kubadili mawazo yako juu ya hilo ili uitazame kazi ile kama mwanahistoria. Fanya jambo moja: ukisimama katikati, mkono wa kulia wa Maria unaonekana mrefu kupita kiasi. Sogea kulia hadi karibu na mwisho wa picha, utazame kwa pembeni. Mkono unarudi kuwa wa kawaida. Wapo wanaosema Leonardo alijua picha ingetazamwa kutoka upande huo. Maswali yetu matatu hayo: ilikuwa ikikaa wapi?

Picha ya mchoraji Piero della Francesca, inayoonyesha mtawala wa mji wa Urbino na mkewe wakitazamana, ni ndogo na hutachukua muda. Mume ameonyeshwa upande wa kushoto tu wa uso kwa sababu jicho la kulia alilipoteza kwenye mchezo wa mikuki. Mke ni mweupe kama nta. Alikuwa amefariki 1472, na wengi wanaamini alichorwa baada ya hapo.

Botticelli sasa. Chumba kitakuwa kimejaa simu juu ya vichwa, na ndipo ulipo uchi unaousema. Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi wa kale, amesimama juu ya kombe, upepo unamsukuma pwani. Nakusihi usipite kwa haraka, ila pia usijilazimishe, hakuna anayekudai. Picha hii ya miaka ya 1480 haikuwa ya kanisani. Ilichorwa kwa ajili ya watu wa ukoo wa Medici, waliosoma mashairi ya Kigiriki na Kirumi na waliotaka miungu ya zamani irudi kama hadithi. Imechorwa juu ya kitambaa, jambo lisilo la kawaida Firenze wakati ule. Mwili wenyewe hauwezekani: shingo ndefu mno, bega la kushoto limeteleza, uzito hauko juu ya mguu wowote. Giotto alihangaika ili Maria aketi kwa uzito. Botticelli, miaka 180 baadaye, anajua yote hayo na anamwondolea Venus uzito kwa makusudi. Ndani ya nywele kuna mistari ya dhahabu halisi. Ukitaka kumwepuka Venus, igeukie picha ya jirani, *Primavera*, yaani majira ya machipuko. Watu wake wengi wamevaa, na chini ya miguu yao kuna mamia ya maua ambayo wataalamu wa mimea wameyatambua kwa jina moja moja. Mimi hutumia muda mwingi kwenye majani kuliko kwenye nyuso.

Ukitoka hapo rudi kwenye ujia mrefu, ule wenye sanamu za mawe pande zote mbili. Kila mtu anatazama sanamu au dari. Wewe tazama chini kidogo ya dari, penye safu ndefu ya picha ndogo za nyuso. Mwaka 1552 Cosimo I alimtuma mchoraji Cristofano dell'Altissimo kwenda Como kunakili mkusanyo wa picha za watu mashuhuri wa dunia aliokuwa nao askofu Paolo Giovio. Kati yao wamo Salahuddin, Timur, masultani wa Uturuki na wa Misri, na yumo Lebna Dengel, mfalme wa Ethiopia aliyetawala tangu 1508 hadi 1540. Majina yameandikwa kwenye picha zenyewe. Ziko juu, hivyo tumia kamera ya simu kuvuta karibu. Barua za Lebna Dengel zilimfikia Papa Klementi wa 7, mtu wa ukoo huohuo wa Medici, mjini Bologna mwaka 1533. Hiyo, Mwalimu, ndiyo picha ya kuwapelekea wanafunzi wako. Wanasoma vita vya Ethiopia na Imam Ahmad Gran. Uso wa mmoja wa wahusika wa vita hivyo unaning'inia Firenze, na watu wanapita chini yake bila kuinua kichwa.

Ya pili ya kuwapelekea ni Mamajusi wa Albrecht Dürer, Mjerumani, ya mwaka 1504. Muulize mlinzi ilipo, maana vyumba hupangwa upya. Ilichorwa kwa kanisa la ngome ya Wittenberg. Upande wa kulia amesimama mfalme mmoja mweusi, kijana, amevaa vizuri, ameshika chombo cha dhahabu, anasubiri zamu yake. Amechorwa kwa heshima kamili. Kisha waandikie ubaoni tarehe ya mwaka unaofuata: 1505, Wareno walipoiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Sina maneno ya kuziunganisha tarehe hizo mbili kwa ulaini, na sidhani zinahitaji. Waache wanafunzi wazitazame pamoja.

Dürer huyohuyo, akiwa Antwerp mwaka 1521, alimchora kwa kalamu yenye ncha ya madini ya fedha mwanamke mweusi aliyekuwa akitumika nyumbani kwa wakala wa biashara wa Ureno. Ameinamisha macho, kichwa kimefungwa kitambaa. Dürer aliandika jina lake, Katharina, na umri wake, miaka 20. Mchoro huo ni mali ya Uffizi, lakini karatasi hufifia kwa mwanga, kwa hiyo hukaa kwenye hifadhi na hutolewa kwa nadra. Hutamwona. Nakutajia kwa sababu utakuwa jengo moja naye, na ningependa mtu wa kwetu apite pale akijua yumo.

Bado una Michelangelo. Usimtafute Daudi wake wa marumaru mle. Yuko Galleria dell'Accademia, na aliye mbele ya Palazzo Vecchio ni nakala. Uffizi wana picha yake ya duara, familia takatifu, aliyoichora mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa mfanyabiashara Agnolo Doni. Maria ameketi chini, amejipinda kumpokea mtoto juu ya bega, na mkono wake ni wa mtu aliyezoea kubeba ndoo. Vasari anasimulia kwamba bei ilikuwa dukati 70, sarafu za dhahabu za wakati ule. Doni akaleta 40. Michelangelo akadai 100, na Doni alipokubali kutoa zile 70 za mwanzo, akadai 140. Doni alilipa. Fremu ya mbao iliyochongwa vichwa ni ya wakati uleule, itazame pia.

Kwenye kona ya jengo, upande wa mto, kuna dirisha linaloangalia Ponte Vecchio. Ule ujia wenye vidirisha uliopita juu ya maduka ya daraja ulijengwa na Vasari mwaka 1565, kwa miezi mitano, ili mtawala atoke ofisini hadi nyumbani kwake ng'ambo bila kukanyaga barabara. Pumzika hapo. Miguu itakuwa imechoka, na dakika tano za dirishani zitakusaidia kuona zaidi kuliko vyumba vitano vingine.

Ghorofa ya chini yake ina kazi za wachoraji Tiziano, Caravaggio na Artemisia Gentileschi. Kama saa bado inaruhusu, mpe Artemisia dakika zako za mwisho. Judith wake, shujaa wa kike wa visa vya kale vya Wayahudi, wa miaka ya 1620, anamkata kichwa jemadari adui, mikono imekazwa kama ya mwanamke anayejua kazi nzito. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika chuo cha wachoraji cha Firenze, mwaka 1616. Wasichana darasani kwako watakuwa na la kusema.

Kupiga picha kunaruhusiwa bila mwanga wa kamera. Begi kubwa litaachwa kwenye chumba cha mizigo, kwa hiyo nenda na mkoba mdogo, na mzigo wa safari uuache hotelini au stesheni. Mlango wa kutokea si ule ulioingilia, usiagane na mwenzako akungoje mlangoni. Toka saa sita kamili. Stesheni ni mwendo wa kama dakika ishirini kwa miguu, na utapita ubavuni mwa Santa Maria Novella, ile nyumba ya picha ya Duccio. Kama mlango uko wazi na una robo saa, ingia tena utazame pale ilipokuwa.